Ganda la Tano

Mama Jinal hakula nyama, wala samaki, wala hata yai, lakini kwa miaka mingi pale Kahama ndiye aliyetengeneza risasi za kufukuzia tembo. Nikiwaambia watu hivyo hucheka. Wacheke tu. Mimi nilianza kazi dukani kwake nikiwa kijana wa kubeba mabati, nikatoka nina mvi, na sijapata kuona mtu aliyeiheshimu risasi kama yule mama.

Jina lake hasa ni Bhagwati. Alizaliwa Nzega, kwenye duka la vitambaa la baba yake, na Kisukuma alikizungumza bila kubabaika. Akina mama wa mchele kutoka Kagongwa walimwogopa, maana huwezi kumsengenya mteja kwa lugha yako ikiwa mteja mwenyewe anakujibu kwa lugha hiyohiyo. Aliolewa na Mzee Pranlal, aliyekuwa na duka la majembe, misumari, kamba na mabati. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha la nondo. Humo Mzee Pranlal alikuwa na mashine ya mkono, na ukutani kibali chake ndani ya kioo, cha kujaza upya risasi za ofisi ya wanyamapori.

Nieleze kidogo, maana si kila mtu anajua. Risasi ikishapigwa, kichwa ndicho kinachokwenda. Ganda la shaba linabaki, na mwenye ujuzi na kibali anaweza kulijaza likawa risasi tena. Miaka ile risasi mpya za zile bunduki kubwa za zamani zilikuwa hazionekani, na zikionekana hazinunuliki. Kwa hiyo ofisi iliweka utaratibu, ganda kwa risasi. Askari wa wanyamapori akileta maganda matatu anapewa risasi tatu. Asipoleta ganda, atatoa maelezo mpaka koo likauke.

Mzee Pranlal mikono ilianza kumtetemeka mapema, na mkewe ndiye aliyeikamata ile kazi. Mzee alipofariki mwaka tisini na nne, kibali kilihamia kwa Mama Jinal baada ya safari nyingi za Shinyanga. Alikuwa na namna yake ya kufanya. Kwanza ananawa. Kisha anawasha udi mbele ya picha ya mumewe. Halafu anaketi dirishani, na kila risasi ikitoka mashinini anaisimamisha kando ya risasi ya mfano aliyoiacha marehemu, anapitisha kidole juu ya vichwa viwili. Kidole kikikwama hata kidogo, risasi hiyo inavuliwa na kuanza upya. Hakutumia miwani. Alisema kidole hakidanganyi.

"Mama Jinal," nilimtania siku moja, "mnasema kuua ni dhambi. Sasa hizi ni njugu?"

"Baba Violeth, hizi ni za kupiga hewani," akajibu. "Tembo asikie, aende zake, mahindi yabaki. Kila moja ninaiambia hivyo kabla haijatoka humu."

Na kweli nyingi zilipigwa hewani. Hilo nalijua kwa sababu mmoja wa waliozipiga alikuwa shemeji yangu.

Mdogo wangu Apolonia aliolewa na Abel, katika kijiji kimoja ng'ambo ya Ushirombo, pale mashamba yanapokwisha na pori linapoanza. Abel alikuwa mtu mrefu, mpole, mvivu wa maneno. Ofisi ilimpa bunduki na kazi ya kulinda mashamba ya vijiji vitatu. Babu zake walikuwa wawindaji wa tembo wa kule zamani, wenye ngoma zao na miiko yao, na ingawa Abel alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, mwiko mmoja wa ukoo hakuuacha. Bunduki yake ilibeba risasi tano. Nne zilikuwa za kazi. Ya tano, ile inayokaa chini kabisa ya magazini, kisanduku cha risasi ndani ya bunduki, ilikuwa ya kurudi nayo nyumbani. Haipigwi. Mwindaji akiingia porini na kutoka, lazima atoke na ile moja, ndiyo inayomwonyesha njia ya kwake. Asubuhi Apolonia alikuwa akizipangusa zote tano kwa kitambaa chenye samli kidogo, na ile ya nyumbani aliipangusa mwisho, akaiweka kwanza. Nimekula ugali kwenye ua ule nikiiangalia kazi hiyo mara nyingi. Kwangu mimi ilikuwa kitu cha kawaida kama kusali kabla ya kula.

Kwa hiyo maganda ya Abel yalikuja dukani manne manne. Mama Jinal aliliona hilo. Alikuwa mtu wa kuona.

"Shemeji yako huwa hapigi tano?" aliniuliza mara moja, zamani.

"Nne zinamtosha," nikasema, nikaendelea kupanga misumari. Ningeweza kumweleza. Ilikuwa ni maneno mawili tu. Lakini niliona aibu, nisifiche. Nilikuwa karani wa duka la mjini, nina kalamu mfukoni, sikutaka mama wa Kihindi aone kwamba kwetu bado tunaongea na risasi. Sikukumbuka kwamba na yeye aliongea nazo.

Mwaka tisini na sita, mwezi wa nane, kalibu ikapasuka.

Kalibu ni kile chuma kinachofungwa kwenye mashine, ambacho ndani yake ganda huingia na kichwa cha risasi hukalishwa mahali pake. Ile ya Mzee Pranlal ilikuwa imetoka Uingereza tangu enzi za mkoloni. Asubuhi moja Mama Jinal aliitoa, akaishika dirishani, akaona ufa mwembamba kama uzi umepanda kuanzia chini hadi nusu. Aliifunga kwenye kitambaa kama mtu anayemfunga mtoto, akaiweka kwenye droo chini ya picha ya mumewe.

Wiki iliyofuata akapata kitabu cha bidhaa kutoka kwa wakala wa Nairobi. Tulikaa kaunta, yeye akisoma Kiingereza na kunitafsiria. Kulikuwa na kalibu tatu za saizi tuliyoitaka. Ya kwanza ilikuwa na kichwa cha kuzungusha chenye alama za vipimo, ya watu wanaoshindana kulenga shabaha huko kwao. Bei yake tuliisoma tukacheka, tukaipita. Ya pili ilikuwa kama ya marehemu. Ilifanya kazi mbili, kukalisha kichwa cha risasi kwenye ganda, kisha kubana mdomo wa ganda ukishike kisicheze. Ya tatu ilikalisha tu. Ilikuwa ya kiwanda kisichojulikana, na bei yake haikufika hata nusu ya ile ya pili.

"Hii ya tatu haibani," Mama Jinal alisema.

"Mtu akishakalishwa vizuri, abanwe ya nini?" nikamjibu.

Akacheka, lakini kidole hakikutoka kwenye ile ya pili. "Marehemu alikuwa anasema bunduki kubwa ikipigwa inazitikisa zile zilizobaki ndani. Zinagonga mbele, zinagonga mbele. Isiyobanwa inaweza kuhama."

Sasa nyinyi mnaosoma mnaweza kuniona mbaya. Mimi mwenyewe hujiona hivyo. Lakini mkumbuke mwaka ulikuwa gani. Dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Watu walitoka Bugarama, walitoka Mwakitolyo, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wanataka kamba, wanataka sururu, na zaidi ya yote wanataka pampu za kuvuta maji kwenye mashimo yao, wao huyaita maduara. Pampu moja ikiingia asubuhi, mchana haipo. Duka lilikuwa linayumba tangu mzee afariki, na mimi niliona hapa ndipo litakaposimama. Nikaona ile tofauti ya bei kati ya kalibu na kalibu ni pampu nzima, pamoja na mpira wake. Nikaona upuuzi kuzika pampu nzima kwenye kipande cha chuma cha kujazia risasi za kupigwa hewani.

"Mama Jinal, chuma ni chuma," nikasema. "Mzee alijazia wazungu wawindaji, watu wanaopiga tatu, nne, mfululizo. Hawa wetu wanapiga moja, tembo wanakwenda. Chukua ya tatu. Hiyo ya kubana tutaiagiza yenyewe peke yake baadaye, mambo yakikaa vizuri."

Alikuwa ananiamini yule mama. Mumewe alikuwa amemwambia kabla ya kufa, akiwa na shaka aulize kwa Donatus, ndiye mimi. Akaandika barua ya kuagiza ya tatu.

Baadaye ni neno zuri sana la kufukia mambo. Ile ya kubana hatukuiagiza.

Kalibu mpya ilifika kabla ya Pasaka ya mwaka tisini na saba. Ilikuwa inang'aa. Mama Jinal akaijaribu siku nzima, akapitisha kidole, akarudia, akakubali kwamba inakalisha sawasawa na mfano. Lakini hakuridhika. Aliniita chumbani.

"Baba Violeth, hizi unapozipeleka ofisini, waambie hivi. Zisikae ndani ya bunduki siku nyingi. Bunduki ikishapigwa mara mbili tatu, zilizobaki wazitoe waziangalie. Utasema?"

"Nitasema."

Na nilisema. Katika hilo nisionewe. Nilimwambia karani wa ofisi, akaitikia bila kuinua kichwa. Abel alipokuja mjini nikamwambia na yeye, tumesimama palepale kwenye kizingiti cha duka.

"Shemeji, hizi mpya zisikae sana ndani."

Abel akatabasamu. "Zitakaa saa ngapi, shemeji? Tembo wenyewe wanazimaliza."

Tukacheka wote wawili. Hata mmoja wetu hakuifikiria ile ya chini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na ndiyo maana nayaandika haya. Ukimuuliza Abel ana risasi ngapi, angekujibu nne. Ile ya tano kwake haikuwa risasi. Ilikuwa njia ya nyumbani, na njia ya nyumbani huwezi kuiambia isikae sana.

Siku hiyo alikuwa ameleta maganda matano. Risasi yake ya nyumbani ya zamani ilikuwa imeota ukijani, na kwao, ikifika hapo, hupigwa mchana kweupe uani, wazee wakiwapo, halafu mpya inachaguliwa. Mama Jinal aliyamwaga maganda mezani, akayahesabu, akaniita.

"Leo shemeji yako ana tano. Kuna nini?"

Kuuliza si ujinga, na yeye aliuliza. Mara ya pili sasa. Mimi nilikuwa na wachimbaji wanne mbele yangu wanagombea pampu.

"Tembo walikuwa wengi," nikasema.

Akampa tano. Abel akazitazama moja moja kwenye mwanga wa mlangoni, akachagua iliyong'aa kuliko zote, akaitia mfuko wa shati peke yake. Ilikuwa inapendeza kweli.

Mwaka ule mvua zilikuja kama zimetumwa. Wote tunazikumbuka. Zilianza mapema, hazikukata, Krismasi ikapita watu wako matopeni. Barabara ya kwenda Ushirombo ikakatika sehemu tatu. Risasi nne za Abel zilikuwa zimeshajazwa, zimefungwa kwenye karatasi ya kahawia na jina lake juu, zimekaa kwenye rafu nyuma ya kaunta wiki ya tatu. Kila asubuhi Mama Jinal aliniuliza kama kuna gari linalopita. Kila asubuhi nilisema bado.

Tembo hawasubiri barabara. Pori lilijaa maji, wakapanda kwenye mashamba. Abel alikwishapiga zote nne, moja moja, siku tofauti, na kila alipopiga, ile bunduki ilimtikisa yeye begani, ikaitikisa na ile iliyokaa chini. Na tangu Pasaka alikuwa amekwishapiga nne nyingine kabla ya hizo, na nne nyingine. Hesabu mwenyewe ile moja ilitikiswa mara ngapi, iko palepale, haijatolewa ila kupanguswa na kurudishwa.

Yaliyotokea aliniambia Herman, jirani yao, aliyekuwapo. Ilikuwa asubuhi, saa moja hivi, ukungu umekaa chini. Tembo jike alikuwa ameingia kwenye mahindi na ndama wake, na kijana mmoja mpumbavu akamrushia ndama mkuki. Jike akageuka. Kwenye dungu la kulindia shamba kulikuwa na mama na watoto wawili waliokuwa hawajashuka. Abel alikuja mbio na bunduki yenye risasi moja, ambayo si risasi.

Herman anasema Abel alisimama. Alipiga kelele, akagonga sufuria kwa kitako cha bunduki, akavua shati akalipunga. Yule jike akaendelea kulifuata dungu. Ndipo Abel akasema neno moja kwa Kisukuma, Herman hakulisikia vizuri, akaivuta bolti, lile komeo la bunduki, kuipandisha ile risasi ya nyumbani. Bolti ikaenda nusu, ikagoma. Akairudisha, akaisukuma tena. Ikagoma. Jike akaacha dungu akamfuata yeye, yule anayehangaika na chuma. Mama na watoto wakashuka wakakimbia. Herman anasema mpaka mwisho Abel alikuwa anaisukuma ile bolti, kama mtu anayesukuma mlango wa nyumba yake mwenyewe uliofungwa kwa ndani.

Sitasema zaidi. Tulivuka kwa miguu sehemu zilizokatika, tukamzika kwenye jeneza lililopigiliwa misumari kabla hatujafika.

Barabara ilipopitika, polisi wawili waliileta bunduki Kahama. Risasi ilikuwa imekwama ndani, na mtu pekee mwenye kibali na vifaa vya kuitoa alikuwa Mama Jinal. Aliwaambia wakae. Akanawa. Siku hiyo hakuwasha udi. Alifungua bunduki polepole, na kwanza zikatoka chembe za baruti, zikamwagika mezani kama ulezi. Kisha ikatoka risasi. Kichwa chake kilikuwa kimezama ndani ya ganda na kulala upande, kama jino lililosukumwa kwenye ufizi. Aliisimamisha kando ya risasi ya mfano. Alipitisha kidole. Kidole kilianguka kutoka kwenye moja hadi nyingine kama mtu anayekosa ngazi.

Akawageukia polisi.

"Hii niliijaza mimi," akawaambia. "Andikeni. Mkono wangu na kalibu yangu."

Wakaandika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kalamu mfukoni. Alikuwa na haki ya kusema, Donatus ndiye aliyechagua hii kalibu. Hakusema. Nilingoja aseme, na alipokaa bila kusema nilimchukia, nakiri, kwa sababu aliniachia mzigo wote niubebe mwenyewe.

Walipoondoka aliniita. Alikuwa na daftari la maganda mbele yake, lakini hakulifungua.

"Hii ni ya mwezi wa nne," akasema. "Naijua kwa alama ya ganda. Imekaa ndani ya bunduki miezi tisa. Kwa nini haikurudi?"

Nikamweleza. Nikamweleza ile ya nyumbani, samli, wazee uani, yote. Nilichukua muda mfupi sana kueleza, mfupi kuliko kumfungia mteja kilo ya misumari.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Ningeijua hiyo, Baba Violeth, ile moja ningeibana kwa meno yangu."

Nikainama.

"Nilikuuliza," akasema. "Mara mbili."

"Uliniuliza, Mama."

Alirudi dirishani akaketi, mikono yake juu ya mapaja, na sikumwona tena akiigusa ile mashine ya mkono isipokuwa mara moja. Kibali alikirudisha mwezi uliofuata yeye mwenyewe, bila kuitwa. Risasi nne zenye jina la Abel aliziandikia barua akazikabidhi ofisini. Mwaka uliofuata alihamia Mwanza kwa binti yake. Mimi nikabaki nauza pampu. Zilinunuliwa sana, na duka lilisimama kama nilivyosema litasimama.

Hiyo mara moja ni hii.

Siku ya kuanua matanga Apolonia aliniita pembeni. Alikuwa amekonda, macho makavu. Akaniambia kwamba kwao Abel, mwenye nyumba akifa porini, ile risasi lazima irudi hata kama mwenyewe hakurudi. Mke huifukia chini ya kizingiti. Polisi walikuwa nayo na hawakutaka kuitoa. "Kaka, wewe unakaa na watu wa risasi," akasema. "Niombee hata nyingine."

Nilimpelekea Mama Jinal maneno hayo nikitazama sakafu. Akafungua droo chini ya picha ya mumewe, akatoa kile kitambaa, akakifungua. Kalibu ya zamani, na ufa wake. Akachukua ganda tupu, halina baruti, halina fataki, halina kitu. Akachukua kichwa cha risasi. Aliizungushia kalibu waya mara nyingi ili ishikane, akaifunga mashinini, akashusha mkono wa mashine kwa uzito wake wote mwembamba. Kalibu ilikalisha, ikabana, halafu ikapasuka vipande viwili vikaanguka sakafuni. Alipitisha kidole kwenye risasi na mfano. Haikukwama. Akaifunga kwenye karatasi ya kahawia, akanipa.

Njiani, juu ya lori la pamba lililonipa lifti mpaka Ushirombo, niliamua nitamwambia Apolonia. Nilipanga maneno. Nitasema, mdogo wangu, chuma kilichomuua mumeo nilikichagua mimi, na lililokuwa la kusema sikusema. Niliyarudia mpaka nikayajua kwa moyo, kama mtoto wa katekisimu.

Nilimkuta uani. Nikamwamkia, nikampa kifurushi. Alikifungua, akaitoa risasi, akaiangalia inavyong'aa. Halafu akaiweka kwenye kiganja, akaipandisha na kuishusha kidogo, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi na kitambaa chake cha samli. Nilijua amegundua kabla hajafungua mdomo.

"Kaka, mbona nyepesi?"

Maneno yote ya kwenye lori yakakimbia. "Mama Jinal hakutia baruti," nikasema. "Isije ikadhuru watoto."

Apolonia akatikisa kichwa kukubali. Akaifumbata.

"Basi haina tofauti na ile aliyokuwa nayo," akasema, akaniletea jembe nichimbe.